Ugomvi wa Bluu

Bi Mabomba alikuwa tayari kugawana na mwenzake meza, feni, hata kikombe cha chai ikibidi, lakini si bluu. Bluu ni ya maji. Hata mtoto wa chekechea ukimwambia achore maji, hakuulizi ashike kalamu ipi. Bwana Barabara naye, aliyeketi ng'ambo ya meza hiyohiyo, alikuwa na hoja yake: barabara zote za vumbi mjini alizichora kwa bluu tangu aajiriwe, na madereva wamezizoea hivyo.

"Vumbi la bluu umeliona wapi, bwana wewe?"

"Kwenye ramani yangu."

Kisa chenyewe kilikuwa hivi. Idara ya maji ilikuwa na ramani yake ya kwenye kompyuta, idara ya barabara na yake. Aliyetaka kujua kama bomba linapita chini ya njia fulani ilimbidi afungue zote mbili na kukodoa macho huku na huku mpaka shingo imuume. Mkuu wa idara zote mbili akaamua ziunganishwe: ubofye hapa mabomba yatokee, ubofye pale barabara zitokee, na ukivuta karibu uone hadi lango la nyumba. Akawaketisha wachoraji wawili hao chumba kimoja, akawaambia wapatane.

Wakapatana, ingawa kila jambo lilipita kwa kubishana kwanza. Bwana Barabara ndiye aliyegundua kwamba ukizima mabomba ramani inakurudisha kwenye mji mzima, nawe unaanza upya kuutafuta mtaa wako. Walihangaika nayo pamoja mpaka ikakubali kutulia pale ulipoiacha, na siku hiyo Bi Mabomba alitabasamu peke yake njia nzima ya kwenda nyumbani. Ikabaki bluu tu.

Halafu akaja dereva wa boza la maji, amefura.

"Nani kanichorea barabara inayopita kwenye ukuta wa shule? Nimeifuata hiyo bluu yenu, nimekaribia kuingia na boza darasani!"

Wakaangalia. Alikuwa amefuata bomba. Bi Mabomba alicheka mbavu zikamuuma, Bwana Barabara akacheka mpaka akavua miwani. Mkuu, aliyekuwa amesimama mlangoni, hakucheka.

"Ijumaa nakuja kuiona ramani," alisema. "Nikikuta bado mnagombea rangi, kila mtu arudi ofisini kwake na ramani yake. Nimechoka."

Ofisi ya maji ilikuwa upande wa pili wa mji. Jioni ile Bi Mabomba alimenya kiazi kimoja, akakimenya tena, hadi mdogo wake, aliyekuwa akikaa naye, akashindwa kuvumilia.

"Dada, hicho kiazi kimekukosea nini? Umekimenya hadi kimekuwa gololi."

Bi Mabomba akamwaga mtama. Ramani haikumtia wasiwasi, ingepata wa kuimaliza. Alikuwa akimpenda yule mtu. Alipenda anavyovuta pumzi kabla ya kubisha, na alivyomwachia upande wa dirishani bila kusema lolote. Mambo ya kupenda alidhani yalishampita, wala hayakuwa yakimuuma. Sasa yalimuuma.

"Si umpe tu hiyo bluu?" mdogo wake alisema.

"Nikimpa, tutabishania nini?"

"Atapata kingine, usihofu. Wewe mpe."

Alhamisi, Bwana Barabara alipotoka kwenda kula, Bi Mabomba aliyageuza mabomba yake yote yakawa ya kijani. Hakuyapenda hata kidogo. Akafunga kompyuta na kuaga mapema, akamwacha mwenzake akisema ana kazi kidogo ya kumalizia.

Ijumaa mkuu aliketi mbele ya ramani, akabofya barabara. Zikatokea za kahawia. Akabofya mabomba. Yakatokea ya kijani. Akavuta karibu, akavuta mbali.

"Bluu mmeipeleka wapi?"

"Nilimwachia yeye," alisema Bi Mabomba.

"Nami nilimwachia yeye," alisema Bwana Barabara.

"Basi mmoja wenu aichukue."

"Achukue yeye, maji ni yake."

"Hapana, madereva wake watapata shida."

"Watazoea. Chukua, Bi Mabomba."

"Sichukui!"

Mkuu aliwatazama kwa zamu. "Juzi mlitaka kutoana macho kwa rangi hii. Leo mnasukumiana kama wageni na kipande cha mwisho cha nyama." Akainuka. "Bluu ni ya maji. Ramani nimeipokea. Sasa kuna ya mifereji na ya taa za barabarani, nazo ziingie humo. Mtaendelea kukaa chumba hiki."

Mlango ulipofungwa, Bi Mabomba hakujua aweke wapi uso wake. Aliinamia meza akapanga kalamu ambazo zilikuwa zimeshapangwa.

"Mimi sikuibadilisha kwa sababu ya ramani," alisema Bwana Barabara.

"Hata mimi."

Akamsikia akivuta pumzi, kama kawaida yake, akamngojea abishe. Hakubisha.