Mgeni wa Marehemu

Kitendawili! Sema “tega” basi, usinitazame tu. Ukikificha kinakula, ukikitoa watu wanakukimbia. Ni nini?

Umeshindwa. Nipe mji. Nipe Iringa, maana mji huo nimefika mara moja tu maishani, mwaka wa hamsini na sita, nikiwa nyuma ya lori, nimemkumbatia mama yangu katikati ya magunia ya mchele. Wala sikwenda kula raha. Jibu ni donda.

Mama alikuwa nayo mawili, moja kila unyayo. Mama yangu Damari, binti wa watu, mwenye kucheka haraka, alikuwa na ukoma. Ukoma huanza kwa kuua maumivu: kaa la moto lingemlalia mguuni naye akaendelea kumenya ndizi. Baba alipomwacha nilimfuata mama kwenye kambi ya wakoma, juu ya vilima, mwendo wa saa tatu kutoka Ilomba, penye barabara ya malori. Mimi nilikuwa mzima na nina darasa langu la nne, kwa hiyo nikawa mdomo wa kambi. Kila neno la Kiswahili lililoingia au kutoka lilipitia kwangu.

Zamani tiba ilikuwa sindano za mafuta, na siku ya sindano hata mbwa walihama. Kisha vikaja vidonge vyeupe. Jailos, dresa wetu, mfunga madonda na mgawa dawa, alitueleza vinakotoka. Huko Ulaya kulikuwa na tajiri mtengeneza sabuni. Alipokaribia kufa aliacha fungu la mali yake liwekwe lizae, na mazao yake yawasaidie watu ambao hakuwahi kuwaona. Wazee fulani hukaa mezani kila mwaka na kuchagua: hapa kisima, pale shule, kule vidonge. Wenyewe waliuita Mfuko. Sisi tukauita Mfuko wa Marehemu.

Kwetu marehemu akikulisha hachezewi. Mzee Eliezeri, mkuu wa kambi, alikuwa Mkristo wa kubatizwa, lakini kila Jumatatu ya vidonge alimwaga togwa kidogo chini akinong'ona, “Ndaga, mwenye sabuni.” Yaani asante.

Na vidonge vikafanya kazi. Mabaka yakafifia, wengine wakarudi kwao. Mama alikuwa bado katikati ya mto. “Miaka miwili mingine, mama Tusekile,” Jailos alimwambia, akimwita kwa jina langu. “Ukikatiza, ugonjwa unarudi na hasira.”

Ndipo tukasikia kwamba Mfuko unamtuma mtu kutuona.

Mzee Eliezeri alitukusanya. “Mgeni wa marehemu haonyeshwi madonda,” alisema. “Atadhani sadaka ya bwana wake imemwagwa chini. Wenye madonda waende kwenye migomba mpaka aondoke.”

“Mficha maradhi, mzee, kifo humfichua,” alisema Jailos.

“Hayo ni maneno ya Waswahili wa pwani. Sisi huku mgeni tunampa kuku.”

Watu wakacheka. Hata mama alicheka. Asubuhi ya siku ya mgeni watu kumi na saba waliingia migombani, mama wa mwisho. Nilimtandikia majani makavu nikamwambia asikohoe.

Mgeni alikuwa kijana mwembamba, magoti mekundu, Kiswahili chake cha kitabuni. Tulimwonyesha vibanda vilivyopakwa chokaa. Waliopona walipanga mstari wakaimba. Tulipomkabidhi jogoo, jogoo akamponyoka, akaruka kichwani pake, kofia chini. Mgeni akacheka kicheko ambacho nadhani kilifika mtoni.

Kisha akaokota kofia, akawatazama wale wa mstarini mmoja mmoja.

“Hawa wamepona. Vizuri sana,” alisema. “Wenye madonda, wako wapi?”

Macho yote yakanijia mimi, mdomo wa kambi. Nikatazama migomba. Upepo ulikuwa unavuma, lakini niliona kana kwamba majani yote yamesimama. Mzee Eliezeri akakohoa.

Nikainua kapu. “Chukua mayai, Bwana,” nikasema.

Akachukua mayai. Akaandika kitu kwenye daftari lake.

Barua ilifika baada ya majuma matatu, Ijumaa, kutoka nyumba ya wageni ya misheni, Iringa. Jailos aliisoma amesimama, kila mstari ukimpunguza sauti. Mgeni alifurahi. Ukoma umekwisha kwenu, aliandika. Nitawashauri wazee wa Mfuko vidonge vipelekwe wanakohitaji zaidi. Naondoka Iringa Jumatatu kurudi Ulaya.

Mzee Eliezeri alikaa chini, pale pale kwenye tope. “Nimewaua,” alisema. “Nimewaua kwa adabu.”

Jailos akatafuta kalamu. Mama akamzuia.

“Barua itamfikia lini? Na ataamini karatasi?” aliuliza. “Uongo aliuona kwa macho. Basi na ukweli auone kwa macho.”

Alfajiri ya Jumamosi Jailos alimpakia mama kwenye baiskeli, akaisukuma mpaka Ilomba. Tulipata lori la mchele la Bartholomeo, Mhehe wa Mlandege, mtaa wa Iringa, aliyekuwa akirudi kwao. Tulikuwa tumemzungushia mama vipande vya gunia miguuni. Nilimwambia Bartholomeo kwamba anasumbuliwa na baridi. Uongo wa pili huo, nao ulinitoka kirahisi kuliko wa kwanza.

Jumatatu asubuhi, baada ya kulala njiani mara mbili, chini ya kilima cha Iringa, lori lilisimama mtoni kutiwa maji. Bartholomeo akaja nyuma, akavuta pumzi, akarudi hatua moja.

“Dada, mchele wangu haujaoza. Umebeba nini humu?”

Mama akanitazama. Nikasema, “Miguu ya mama yangu.”

Alivua kofia, akaivaa tena. “Mchele huu unaliwa na watu,” alisema taratibu. “Wakijua, nimekwisha. Shukeni.” Tuliposhuka hakututazama, lakini alituelekeza juu kwa kidevu, maana njiani tulikuwa tumemwambia tuendako. “Nyumba ya wageni ya misheni iko pale Mlandege. Bati jekundu. Fanyeni haraka.”

Tukapanda. Gunia lilichanika kabla hatujafika nusu ya kilima, na kila hatua ya mama ikaacha alama nyekundu vumbini. Yeye hakuhisi kitu. Mimi ndiye niliyehisi. Mpaka leo nikiona nyanya imepondeka njiani nageuza uso. Watu wa Iringa walitupisha njia, wakiita watoto wao ndani.

“Panda mgongoni, mama.”

“Nikipanda damu itakauka,” alisema, akicheka kidogo. “Tutamwonyesha nini?”

Tulimkuta barazani, gari limewashwa, sanduku la mwisho mkononi. Aliponiona uso ukamchangamka.

“Wewe! Msichana wa mayai! Umekuja kuniaga?”

Nilifungua kinywa, mimi mdomo wa kambi, nikakosa neno la kuweka ndani yake. Njia nzima nilikuwa nimelitunga. Likaniponyoka kama yule jogoo.

Mama alinisogeza kwa kiwiko, akapita mbele. Akakaa kwenye ngazi ya chini, akaanza kufungua magunia kwa vidole vyake vilivyobaki, mguu wa kuume, kisha wa kushoto, bila haraka. Mgeni akaweka sanduku chini. Dereva wake akazima gari.

Kiswahili cha mama kilikuwa cha kuokoteza gulioni. Alikiokoteza sasa, neno kwa neno, macho yake kwenye uso wa yule kijana.

“Tulikuwa kwa migomba, baba,” alisema. “Watu kumi na saba. Tulisikia wewe unacheka.”