Nyumba Mbili za Chungu Kidogo

Siku hiyo nilirudi nyumbani jioni nikiwa nimesifiwa kazini, nazo sifa zilinikaa kooni kama mwiba wa samaki. Chipu yetu ya kompyuta, ndogo kuliko ukucha, ilitengenezwa ikae ndani ya kamera ya kivuko cha barabara kuu, iwatambue wanaovuka na kuyawashia magari taa nyekundu. Lakini ilikula umeme mwingi kuliko betri yake ya jua ilivyoweza kumudu, nami nikapunguza yale iliyofundishwa kuyaona. Nikawaondoa wenye ulemavu wa miguu, wanaovuka kwa baiskeli za kunyonga kwa mikono, nikijiambia kwamba ni wachache. Jaribio likapita. Kamera ingefungwa kivukoni kesho yake asubuhi. Nikajitupa kwenye kochi, usingizi ukanichukua.

Nikajiona katika nchi ya jua kali isiyo na kivuli hata cha kuwekea kidole, nikiongozwa na mwanamke aliyejitanda kanga hadi machoni, jina lake Aibu. Akanifikisha kwenye nyumba mbili zilizoelekeana, na katika kila baraza aliketi mwanamke mwembamba mwenye chungu kidogo. Nikaikimbilia ile iliyokuwa kimya na safi.

“Shikamoo, Bi Kiasi! Mimi ni mwanafunzi wako.”

“Marahaba, mwanangu,” akanijibu, akanikumbatia.

“Umekosea mlango, binti,” Aibu akasema taratibu. “Huyo ni Uchoyo. Kiasi ni yule wa pili. Wote wawili hupika kidogo, ila Kiasi hupunguza tonge lake ili wageni watoshe, na huyu hupunguza wageni ili tonge limtoshe.”

Hapo nikasikia hodi nyuma ya nyumba. Watu walikuwa juani juu ya baiskeli zao za kunyonga, na mmoja akaniita bila hasira: “Dada Mwanaidi, tumekukosea nini?” Nilitamani ardhi inimeze.

“Usiwajibu,” Uchoyo akaninong’oneza. “Wakinyamaziwa huchoka.”

“Basi mimi naondoka,” akasema Aibu, “na nikiondoka hutazisikia tena hodi zao.”

Nikaushika upindo wa kanga yake, nikalia, “Usiniache, bibi!” Kilio hicho ndicho kilichoniamsha.

Adhana ya magharibi ilikuwa ikimalizika. Nilikuwa nimeuita uchoyo wangu ustadi, na ofisi nzima ikanipigia makofi. Nikampigia simu Bwana Mbelwa, msimamizi wetu.

“Kamera isifungwe kesho.”

“Kwa nini tena? Si jaribio limepita?”

“Limepita kwa sababu niliwafuta watu. Wa baiskeli za mikono.”

“Lakini hao si wachache?”

Uso ukanichoma, maana hayo yalikuwa maneno yangu mwenyewe.

“Ndio wasioweza kukimbia gari likija,” nikasema.