Gati la Skelby

Kila Januari, watu wenye akili zao wakiwa wamejifungia ndani karibu na hita, Leonard Garside na mkewe Enid walipanda treni kwenda Skelby kukaa siku nne kando ya bahari. Yalikuwa mapenzi ya Leonard, si ya Enid. Alisema kiangazi mji ule unajiremba kwa ajili ya wageni, na mtu anayetaka kuujua aende wakati wa baridi, ukiwa haujanawa uso. Alipenda vibanda vya waogaji vilivyofungwa kwa kufuli, na chipsi za moto zilizonyunyiziwa siki, zinazoliwa umesimama huku upepo ukitaka kukupokonya karatasi. Zaidi ya vyote alipenda gati la mbao lililoingia baharini hatua mia tatu, ambalo mwezi huo lilikuwa kama lake peke yake. Akishalitembea mpaka mwisho na kurudi, alikwenda mkahawani kwa Bi Pruett, mjane mwenye sauti nzito kama ya mwanamume, aliyemletea chai na mkate wa zabibu uliobanikwa na kupakwa siagi mpaka ikachuruzika, akamwita Mwalimu na kumtania hadi masikio yakawa mekundu.

Mwaka huu Leonard alikuja bila macho. Yalikuwa yamemwisha taratibu kwa miaka miwili, na sasa kilichobaki ni ukungu wa mwanga tu. Kwa hiyo Enid ndiye aliyetakiwa kumtazamia.

Alikuwa amejiandaa. Wiki nzima kabla ya safari, akiosha vyombo, alitazama nje ya dirisha la jikoni na kujaribu kuyataja moyoni yale aliyoyaona, kama mwanafunzi anayesoma kwa ajili ya mtihani. Alijua mtihani utakuwepo. Leonard alikuwa amefundisha jiografia miaka thelathini na minane, na alipostaafu alibakiwa na mwanafunzi mmoja.

Asubuhi ya kwanza walisimama ufukweni, wameshikana viwiko, kofia zimeshushwa mpaka kwenye nyusi. Leonard akamwambia aanze. Enid akasema bahari ni ya kijivu, shakwe wamejipanga juu ya ukuta, na kuna mwanamke anatembeza mbwa aliyevalishwa sweta.

"Kijivu," Leonard alisema. "Kijivu cha namna gani? Cha majivu? Cha risasi? Cha sufuria?"

"Kijivu tu, Leonard."

"Miaka arobaini na sita nimekaa nawe una macho mawili mazima, na hujajifunza kuyatumia. Kungekuwa na haki duniani, yangeisha yako, yakabaki yangu."

Alilisema bila hasira, kama mtu anayesema mvua itanyesha mchana. Kisha akapandisha skafu yake na kuuliza gati likoje.

Gati lilikuwa palepale, limepigwa rangi mpya nyeupe, bendera tatu zikipepea mwishoni kwake. Enid alilitazama kwa muda.

"Hakuna gati," alisema.

"Una maana gani?"

"Dhoruba ya Desemba imelichukua. Zimebaki nguzo tano au sita. Nilidhani ulisikia redioni."

Mkono wake uliokuwa kwenye kiwiko cha Enid ukawa mzito. Na Enid, aliyetegemea aibu imjie mara moja, alijisikia kama mtu aliyevua kiatu kilichokuwa kikimbana tangu alfajiri. Akamwongoza polepole kurudi kwenye nyumba ya wageni ya Bwana Tranter, akimtahadharisha kila penye ngazi.

Baada ya hapo kazi ilikuwa nyepesi. Siku ya pili Leonard aliuliza habari za vibanda, naye akamwambia vimeng'olewa, pamewekwa maegesho ya magari. Aliuliza jukwaa la bendi. Limezungushiwa mabati, akajibu, na vijana wameandika matusi juu yake. Aliuliza duka la peremende lililo pembeni mwa kanisa, na Enid, aliyekuwa amesimama mbele ya dirisha lake akitazama chupa zilizojaa rangi, akasema limebaki gofu tu. Kila alipojibu aliona kidevu cha mumewe kikishuka kidogo ndani ya skafu. Leonard hakumsahihisha hata mara moja. Jioni ile Enid alikula samaki wake akamaliza, akaomba pudini, na akalala usingizi ambao hakuwa ameupata tangu macho ya mumewe yaanze kuharibika.

Siku ya tatu Leonard akataka kupelekwa kwa Bi Pruett. Enid akamshika mkono, akamzungusha barabara za nyuma, akampeleka mkahawa mwingine karibu na kituo cha mabasi, ambako chai ililetwa katika vikombe vya karatasi na mlango haukufungika vizuri. Leonard alikaa, akapapasa meza, akanusa.

"Hapa si kwake."

"Sikutaka kukuambia mpaka uwe umekaa," Enid alisema. "Amefariki, Leonard. Mwezi wa kumi na moja. Kuna karatasi imebandikwa mlangoni."

Hapo ndipo Leonard Garside alipolia. Hakutoa sauti, machozi yalitoka tu katika yale macho yasiyo na kazi, yakashuka mpaka kwenye masharubu, na mikono yake ikabaki imekizunguka kikombe. Enid alikuwa na leso mfukoni na hakuitoa. Hakumwona akilia alipomzika mama yake. Hakumwona akilia hospitalini, mwaka ule mimba yao ya pekee ilipotoka katika mwezi wake wa saba. Siku ile Leonard alisimama miguuni pa kitanda akimsahihisha muuguzi aliyekosea tahajia ya jina Garside. Na sasa alikuwa akimlilia mwanamke wa kumletea mkate. Enid alikunywa chai yake yote, kisha akanywa na ya mumewe.

Asubuhi ya nne, siku ya kuondoka, walikuwa mezani kwa Bwana Tranter wakila mayai na soseji, mlango wa nyuma ulipofunguliwa na ile sauti nzito ikaingia pamoja na baridi. Bi Pruett alikuwa ameleta mikate mwenyewe, kwa kuwa dereva wake alikuwa mgonjwa. Alipomwona Leonard aliweka trei chini.

"Mwalimu. Yaani uko mjini, nami nakukuta kwa Tranter. Nimekukosea nini hata usinijie?"

Leonard aliweka uma pembeni ya sahani. Enid alitazama mayai yake.

"Bi Pruett," Leonard alisema polepole, "niliambiwa umefariki."

Bwana Tranter alicheka. "Nani huyo kaniua?" Bi Pruett akauliza. "Nimjue, nimpunguzie siagi."

"Nilisikia vibaya. Masikio nayo yameanza kunizeekea." Leonard alijipangusa mdomo, akainuka. "Gati bado lipo?"

"Litakwenda wapi?"

"Basi nipeleke, kama una nafasi."

Enid aliwatazama kupitia dirisha. Walitembea wameinamia upepo, Bi Pruett akimnyooshea kidole huku na kule kama vile anaona, na mumewe akigeuza kichwa kila upande alioelekezwa. Walikaa karibu saa nzima. Aliporudi mashavu yake yalikuwa mekundu, na alipanda ngazi bila kumwomba mtu mkono.

Chumbani alikaa kitandani wakati Enid akipanga nguo.

"La gati nilijua siku ileile," alisema. "Maji yakipita katikati ya nguzo mia yana sauti yake. Ukitaka kumdanganya kipofu, anza kwa kufikiria masikio yake. Ulifanya kazi ya uvivu, Enid. Nne kwa kumi."

Enid alikunja shati moja mara mbili. "Kwa nini hukusema?"

"Nilitaka kujua utafika wapi."

"Na la Bi Pruett je?"

Leonard aligeuza uso upande wa dirisha.

"Hilo nililiamini," alisema. "Hilo ulilifanya vizuri. Soksi zangu za sufi usizisahau, ziko kushoto."

Hapo palikuwa na nafasi ya kuomba radhi, na Enid aliiona. Akajitafuta ndani, kwa haki kabisa, na radhi yenyewe hakuikuta. Alichokikuta ni majuto kwamba siku zilikuwa nne tu. Akafunga begi.

Njiani walitakiwa kubadilisha treni katika kituo kidogo cha bara, chenye jukwaa moja lililofunikwa na lingine lisilo na paa. Enid alimkalisha kwenye benchi pamoja na begi, akasema anakwenda kuleta chai. Alikuwa wa pili kwenye foleni treni yao ilipotangazwa. Alitoka akasimama mlangoni mwa duka, hatua ishirini kutoka kwa mumewe.

Leonard alikuwa amelisikia tangazo. Aliinua kichwa, akalitaja jina lake mara moja, bila kupaza. Treni iliingia, milango ikafunguka, watu wachache wenye makoti wakapanda wakipita kando yake. Akasimama. Akanyoosha mkono wake wa kushoto hewani, kiwiko kimekunjwa kidogo, mahali ambapo Enid husimama siku zote, akangoja ushikwe.

Enid alimtazama. Filimbi ilipigwa, milango ikajifunga, mabehewa yakaanza kusogea mbele ya ule mkono, na mkono ulikuwa bado juu. Ni treni ilipokwisha kupotea kwenye kona ndipo alipokwenda akaushika.

"Tumeikosa," Leonard alisema.

"Tumeikosa," Enid alisema. "Inayofuata ni saa tisa na nusu."

Wakakaa.