Shokapu za Kumbeba Mama

Mpima macho alikuwa mtu wa taratibu kazini na mtu wa vurugu barabarani. Dukani kwake alimkalisha mteja mbele ya kioo, akamvisha miwani mpya, akainama na koleo lake dogo kuupinda mkono wa miwani kidogo kidogo huku akiuliza, "Hapa inabana? Na sasa je?" Angeweza kumaliza nusu saa kwa sikio moja. Watu walimpenda kwa hilo, na hawakukosea.

Akishafunga duka, upole wote aliuacha kabatini pamoja na koleo. Nje lilimngoja gari lake jekundu la spoti, la milango miwili, lililokaa chini kana kwamba limeangusha kitu na bado linakitafuta. Ndilo gari lake la harusi na la msiba, la sokoni na la kazini. Halikuzaliwa chini vile. Alilishusha mwenyewe, kwa springi fupi ngumu, baada ya kujiunga na kundi la simuni liitwalo Chini Kabisa. Walikuwa wanaume tisa waliopima utu wa mtu kwa nafasi iliyobaki kati ya gari na lami. Kiongozi wao aliitwa Rubani. Aliuza majokofu, na hajawahi kurusha hata tiara.

Sasa, huyu mpima macho alikuwa na mama yake, na mama alikuwa amepasuliwa mgongo miezi saba iliyopita. Kila Jumanne na Ijumaa ilibidi apelekwe kliniki ya mazoezi, upande wa pili wa mji, mwendo wa dakika ishirini na matuta kumi na moja. Mwana alimpeleka mwenyewe, bila kukosa, na hilo lazima tumhesabie. Wapo wanaotuma salamu tu.

Wakifika, aliuliza, "Safari ilikuwaje, mama?"

"Nzuri sana, mwanangu. Gari lako linakwenda kama maji."

Naye aliamini. Mtu anayependa sifa haigeuzi sifa aone upande wa pili.

Basi Jumanne moja alifika kumchukua akakuta mlango umefungwa. Mama alikuwa ameshaondoka na jirani, yule mwanamke aliyesambaza mayai madukani, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Mayai. Gari lake lilikuwa kipanya, kibasi kidogo kizee chenye mlango uliofungwa kwa kamba. Ijumaa ikawa vilevile. Mpima macho akaenda kumvizia getini.

"Jirani yangu wa mayai," alianza, akijaribu kucheka, "umeniibia abiria?"

"Hajaibwa, kahama," alisema Mama Mayai, akishusha trei. "Unaona hizi? Trei arobaini, na leo sijavunja hata yai moja. Wewe mzigo wako ni mmoja tu, na unauvunja kila wiki."

"Mama mwenyewe anasema gari ni zuri!"

"Mama yako angekusifia hata ungempeleka kwa toroli. Nenda kliniki kaulize."

Akaenda. Mtaalamu wa mazoezi, dada mmoja mwenye sauti ya chini, alimwambia bila kumzunguka: kila mama alipoletwa na gari jekundu, nusu ya saa yao ilikwisha kwa kuulegeza mgongo uliokazwa na barabara. Akiendelea hivyo, atatembelea fimbo maisha yake yote. Akiacha mazoezi, hata fimbo haitatosha.

"Kwa nini hakuna aliyeniambia?"

"Alitukataza. Alisema gari hilo ndilo linalokufurahisha."

Mpima macho alirudi kwenye gari lake akihesabu siku. Mama Mayai alikuwa amemwambia pia kwamba mwisho wa mwezi anabadilishiwa njia, atakuwa akipeleka mayai upande mwingine kabisa. Zilibaki wiki mbili. Baada ya hapo mama angepanda gari jekundu na kuumia, au angebaki nyumbani na kuumia zaidi. Wazo la kuuza gari halikumpitia akilini hata kwa bahati mbaya. Alivyoona yeye, kilichotakiwa ni shokapu, yale mabomba yenye mafuta yanayotuliza mruko wa gari, na springi ndefu kidogo.

Aliuliza kundini. Aliandika kwa kujificha, kama mtu anayemwombea rafiki dawa ya ugonjwa wa aibu: je, kuna anayejua shokapu za starehe kwa gari la kila siku? Majibu yalikuja kwa wingi. Mmoja alimtumia picha ya kitanda. Mwingine aliuliza kama anataka na mto. Rubani akafunga mjadala: "Starehe ni ya wagonjwa. Mwanamume anaisikia barabara."

Hapo ndipo alipokwenda kwa fundi, mzee mfupi mwenye mikono mipana ambaye mpima macho alikuwa amemtengenezea miwani mara tatu. Fundi alimsikiliza mpaka mwisho. Alimsikiliza juu ya kona, juu ya sura ya gari, juu ya gari linavyotaka kukaa.

"Usiniambie gari linataka nini," alisema fundi. "Gari halina mgongo. Kiti cha abiria anakaa nani?"

"Mama yangu."

"Basi niletee mama yako."

"Fundi, nimekuja kununua shokapu, si kuposa."

"Na mimi sifungi shokapu kwa mtu nisiyemjua. Wewe humvisha mteja miwani ukiwa umempigia simu?"

Mpima macho akamkabidhi funguo.

Fundi alimwekea springi za kimo cha kawaida, gari likapanda vidole viwili, na shokapu zinazoweza kulegezwa na kukazwa. Kila moja ilikuwa na kifundo kidogo cha kuzungusha kwa vidole, mbili chini ya boneti na mbili ndani ya buti. Ukikizungusha kinalia tik. Ukianzia kwenye ukaidi wote, unahesabu tiki ishirini mpaka kwenye ulaini wote. Kazi ilikuwa kutafuta tiki ya mama.

Mama alikuja amevaa gauni lake la kutokea na kitambaa cha kichwani kilichopigwa pasi, kana kwamba anakwenda kuhojiwa. Mama Mayai akamsindikiza, akajikunja katika kile kiti cha nyuma ambacho waliokitengeneza hawakuwahi kuona binadamu mwenye miguu. Nyuma ya gereji palikuwa na barabara iliyokusanya kila ubaya: matuta matatu, reli, na kipande kilichochimbwa kikasahauliwa. Mwana angeendesha, wangerudi, fundi angezungusha, wangekwenda tena.

Raundi ya kwanza fundi aliacha shokapu kwenye ugumu wote, ili awe na pa kuanzia. Waliporudi, kitambaa cha mama kilikuwa kimehamia sikioni.

"Vipi, mama?" aliuliza fundi.

"Nzuri sana."

"Mama, hii ndiyo ngumu kuliko zote. Nimeiweka kwa makusudi."

"Hata hivyo. Kijana amejitahidi."

Tiki tano: nzuri sana. Tiki nane: nzuri sana, Mungu awabariki. Tiki kumi: nzuri, na fundi naye apumzike, jua kali. Fundi alivua miwani akaipangusa. Miaka yote hiyo kazini alikutana na wateja waongo wa kila aina, wanaosema hawakugonga kitu na bampa liko mkononi. Huyu alikuwa wa kwanza kumdanganya kwa huruma.

"Hatutafika," alimnong'oneza mpima macho. "Chombo chetu cha kupimia ni mama yako, na mama yako amekwamia kwenye nzuri."

Wakaenda tena, tiki kumi na nne. Tuta la kwanza likapita. Walipokuwa juu ya tuta la pili, mama akasema, "Hivi mmesikia yule nesi wa pale kliniki ameposwa na mtu wa pili na yule wa kwanza hajaambiwa?"

"Simama!" alipiga kelele Mama Mayai kutoka nyuma, magoti yakiwa karibu na masikio. "Simama hapa hapa! Ndiyo hii!"

"Ndiyo hii nini?"

"Umbea! Kwenye gari langu anaanza tukitoka tu getini. Kwenye hili lako raundi zote nne amefunga mdomo kama aliyejaza maji, nasi tukidhani anasali. Mama yako akiwa na maumivu hasengenyi mtu!"

Mama alitazama dirishani kwa heshima kubwa.

Wakajaribu na tiki ishirini, kwa kuwa mpima macho alidhani ulaini ukizidi ni upendo kuzidi. Gari likayumba kama kitanda cha kamba, mama akanyamaza, safari hii kwa kichefuchefu. Wakarudi kumi na nne, na habari za nesi zikaendelea mpaka kwenye reli. Fundi akaandika namba hiyo kwa chaki kwenye ukuta wa gereji, akaizungushia duara.

Ingekuwa vizuri kama kisa kingeishia pale. Lakini Jumamosi mchana Chini Kabisa walikuwa na mkutano kwenye maegesho ya maduka, na mpima macho akaenda.

"Jamani, limeota miguu!" alisema mmoja.

"Linasafirisha mtindi siku hizi?"

Rubani akaweka kiganja juu ya boneti akakandamiza. Gari likashuka polepole, likapanda polepole.

"Ona," alisema. "Linapiga magoti."

Wote wanane wakacheka mpaka wakashikana. Mpima macho, mtu mzima, mwenye cheti ukutani na wateja wanaomwita daktari, akafungua boneti na buti na kukaza vifundo vyote mpaka mwisho. Dakika tano tu, alijiambia, waone. Wakazunguka mtaa, meno yakigongana, wakarudi wakampigia makofi. Rubani alipoinama kutazama tairi, shati lake lilipanda, na chini yake ukaonekana mkanda mpana wa kubania mgongo, kama ule waliomfunga mama hospitalini. Mpima macho aliuona vizuri, na kuona ndiyo kazi yake.  Akaenda nyumbani na furaha yake ya makofi, na vifundo akavisahau.

Jumanne, siku ya kwanza bila Mama Mayai, mama alipanda gari jekundu mwenyewe, mbele ya majirani. Alikuwa na habari mpya za nesi. Alianza kuzieleza kabla ya kufunga mkanda. Tuta la kwanza likamkatiza katikati ya sentensi. Hakuimalizia. La pili likapita. La tatu.

"Uko sawa, mama?"

"Nzuri sana, mwanangu."

Naye hakuwa ameuliza kama ni nzuri.

Alisimamisha gari palepale, nyuma yake msururu wa magari ukaanza kupiga honi. Akafungua boneti, akahesabu kwa sauti, "Moja, mbili, tatu," hadi kumi na nne, upande mmoja, kisha wa pili. Wapita njia, jinsi watu walivyo na moyo, walidhani gari limekufa. Wawili wakavua makoti waje kusukuma. Mmoja akamletea mama maji dirishani. Mpima macho aliwashukuru wote na kuwaomba waache, akakimbilia kwenye buti, akahesabu tena. Jasho lilimfika kwenye miwani.

Aliporudi kwenye usukani hakuondoka.

"Mama, nilizikaza Jumamosi. Ili watu wanane wanisifu."

Mama alifikiri. "Wanafanya kazi gani, hao?"

"Mmoja anauza majokofu."

"Na hao wengine saba?"

"Sijawahi kuuliza."

Honi zilikuwa nyingi sasa.

"Nitukane, mama. Niseme vyovyote. Ila hiyo nzuri sana usiniambie tena, kwa sababu nikiisikia sijui nikupime vipi."

"Ulipokuwa na miaka sita," alisema mama, "ulinipikia chai ukatia chumvi badala ya sukari. Ulisimama pale ukinitazama. Nikainywa yote. Nikaomba na nyingine."

"Hiyo ya pili ulipaswa kunimwagia."

Mama akacheka, akajishika mgongo, kisha akaacha kucheka. Akamtazama mwanawe kwa mara ya kwanza kama mteja anayemtazama muuzaji.

"Basi sikia. Limeniumiza. Limeniumiza tangu siku ulipolileta. Na kuingia humu ni kama kushuka kisimani. Na kiti chako hiki kimetengenezwa kwa mtu asiye na makalio. Ondoa gari, unawachelewesha watu."

Akaondoa gari. Tuta la nne walilipita kwa upole, na mama akasema breki anakanyaga kwa chuki. La tano, akasema redio yake haina wimbo, ina watu wanaogombana. Kufikia la nane alikuwa amefika kwenye nywele zake, na kwa nini hajaoa. Mpima macho aliendesha akiitikia, "Ndiyo, mama. Ni kweli, mama," uso umemng'aa kama mtu anayesomewa sifa zake hadharani.

Kliniki, yule dada wa sauti ya chini alimpokea mama, akampapasa mgongo, akainua nyusi, akasema leo wanaweza kuanza mazoezi moja kwa moja.

Mama alipiga hatua tatu, akageuka.

"Ijumaa uje mapema kidogo," alimwambia mwanawe. "Sijamaliza."