Haina Ina

Ukiuliza simu yako wapi pa kula Hainaina, itakupeleka kwanza Lamu, mbele ya bahari, kwenye mkahawa wa Obeid wenye matakia ya rangi. Halafu Shela, halafu Mombasa, na siku hizi hata Nairobi, ndani ya maduka yenye ngazi zinazopanda zenyewe. Faza kwetu, kisiwani Pate, hutaiona. Yupo mmoja aliyeitaja, akaandika: "Msijisumbue, boti ni mbali na yule mama hauzi." Katika yote yaliyoandikwa, hilo tu ndilo la kweli.

Yule mama ni Hindu, wifi yangu, mke wa marehemu kaka yangu Amini. Mawifi wana sifa yao na sisi hatukuitia aibu. Tumenuniana kwa mambo madogo tangu alipoletwa Faza kutoka Lamu. Alikuja na sanduku moja na Kiamu chake, na hajakiacha mpaka leo. Njia kwake ni ndia, nchi ni nti, jina ni ina. Nilikuwa nikimwiga mbele ya watu, wakacheka, naye akacheka nao.

Alikaa miaka mingi bila mtoto. Aliposhika mimba akawa anajifungia jikoni akibuni kitamutamu cha siku ya saba, siku mtoto anaponyolewa nywele na kupewa jina. Alikaanga tambi kwa samli, akazipika kwa tui zito, tende zilizopondwa na iliki, akazimwaga siniani na kuzipalia makaa chini na juu mpaka uso ukawa mwekundu. Nilionjeshwa. Nikasema si mbaya, na wifi akikwambia si mbaya, ujue amelamba vidole.

Akazaliwa mtoto wa kiume. Amini alikuwa na jina moyoni lakini hakulitaja. Alitaka tulisikie sote siku hiyo ya saba, pamoja na dua. Siku yenyewe mtoto hakuifikia. Shehe alisema apewe jina lake hata hivyo, na Amini akainama kaburini akalitamka, mdomo karibu na mchanga. Sisi wanawake hatuendi mazikoni, na wanaume waliokuwa karibu walisema hawakusikia ila pumzi. Hakulirudia tena. Hindu hakumuuliza, alichelea kumvunja, na baadaye Amini akaugua akafa nalo.

Tangu hapo, kila Mfungo Tano, mwezi aliozaliwa yule mtoto, Hindu hupika sinia lile na kuita watoto wa mtaa. Ni sadaka ya mwanawe. Mwanzoni walikuja wa umri wake. Wakakua, wakaoa, wakaja watoto wao. Hula kwa mikono na kugombea ukoko, naye hukaa kwenye kigoda akiwatazama. Sijamwona na furaha nyingine. Hana mjukuu wa kumlalia mapajani. Ana hao tu, watoto wa watu wanaokula chakula cha mwanawe.

Ndipo akaja Kagendo, msichana wa Nairobi aliyekuwa akipita na wenzake kwenda Kizingitini. Alisikia kelele za watoto, akachungulia, akakaribishwa, maana mgeni hanyimwi. Alipoonja alifumba macho. Alipoyafumbua alikuwa ameshatoa simu.

"Mum, hii inaitwaje?"

"Haina ina," Hindu akajibu.

Yaani haina jina. Wapi! Msichana aliigeuzia simu uso akasema, "Wasee, hii kitu inaitwa Hainaina, na hamjawahi kula kitu kama hii."

Faza yote ilicheka. Wanaume barazani wakawa wanaagizana chai na hainaina. Hindu mwenyewe alicheka mpaka akajifuta machozi kwa ncha ya leso, akasema wa Nairobi hawana masikio. Kumbe picha ile ilikuwa ikikimbia kutoka simu hadi simu, na kila ilipofika, watu walitaka kujua Hainaina inapatikana wapi.

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Wageni walikuja, na aliyepona ni Obeid. Alipika yake, akaitia kwenye glasi, akaongeza chokoleti nyeupe na zile kokwa za kijani waziitazo pistachio, akaining'inizia bango, "Hainaina ya Asili". Foleni ikafika gatini. Waliokuja Faza kwa boti walimkuta Hindu mlangoni akiwaambia kwa adabu kwamba hiki hakiuzwi, ni sadaka, na mwezi wake bado. Walimpiga picha kisha wakamlaumu.

Mimi nina hasira za karibu. Nilivaa buibui nikaenda Lamu. Obeid ni mtoto wa watu. Alinivutia kiti, akaniita Bi Ruba, akaniwekea glasi mbele. Nilimweleza habari ya mtoto tangu mwanzo, nikamtaka aling'oe jina lile. Aliinamisha kichwa.

"Mola amrehemu. Sikuyua, wallahi," alisema. "Lakini nitalitoa wapi, Bi Ruba? Hata nikifunga mlango huu yeo, liko simuni mwa watu wote. Na mwenyewe kaulizwa, kasema haina ina. Kitu kisicho na ina, kila mtu hukipa lake."

Nilikula ile glasi yote. Ilikuwa tamu, na hilo liliniuma kuliko maneno yake.

Mfungo Tano ukaingia. Hindu alipika kama kawaida, na baada ya alasiri akaita watoto. Walikuja wengi kuliko mwaka uliopita, wamechana nywele. Wakalizunguka sinia na kulitazama.

"Bi Hindu, hii siyo Hainaina," mmoja akasema kwa upole, kama anayemsaidia mtu mzima aliyekosea. "Hainaina ni ya kijani."

"Ndooni mule, wanangu. Ni ile ile mulayo siku zote."

Msichana mmoja alimega kidogo, akatafuna, akatabasamu kwa heshima, akajifutia mkono kwenye gauni. Wengine walikuwa wameshaanza kusogea mlangoni. Punde tukabaki wawili na sinia limejaa, mvuke ukipungua juu yake. Hindu hakulia. Ningependa alie, ningejua la kufanya.

"Ruba," akasema, "Amini hakukwambia?"

Alikuwa hajaniuliza hata siku moja, miaka yote ile. Ningeweza kumdanganya. Musab, Idris, Abubakr, majina yote yalinijaa mdomoni, na lolote ningempa angelipokea kwa mikono miwili. Lakini jina la marehemu haliokotwi tu, na Amini ni kaka yangu, na kesho kwa Mungu tutakutana sote na yule mtoto ataitwa kwa lake.

"Hakuniambia, wifi."

Alitikisa kichwa taratibu. Akachukua kawa, akalifunika sinia.

"Basi ina lake ndilo hilo la siniani," akasema.

Nilitaka kumkataza asiseme hivyo, na sikuwa na jina la kuweka badala yake. Nikamshika mkono tu. Nje watoto walikuwa wakikimbizana uchochoroni, na mmoja, kwa mchezo wao, akapaza sauti, "Hainaina!"

Hindu akainua uso, akatazama mlangoni.

"Naam," akaitika.

Mwanamke kwetu akiitwa huitika labeka. Naam ni ya mwanamume.