Vigingi Vilivyosomewa

...kwa sababu mchwa hawana haraka, hilo ndilo linalotisha, aliwaza Djaouharia akiwa amesimama kwenye kizingiti ambacho hakijapata mlango, wana subira kuliko fundi, kuliko mjomba, kuliko mchumba anayengoja Moroni, wanapanda polepole ndani ya vijia vyao vya udongo, na mjomba Mouhidine alikuwa amekwisha kuuliza, "Haya, mwanangu, zege liko tayari, tumwage?", naye macho yake yalikuwa kwenye pembe ya chumba, pale kichwa cha kigingi kilipochomoza katika kifusi kilicholowa dawa ya mchwa, kigingi cha mti, pembe zote nne vipo, alivipiga babu Djaanfar mwenyewe siku ya kupima msingi, akasoma Fatiha, watu wakaitikia amina, na katika ukoo wao kigingi kilichosomewa haking'olewi, anayeking'oa kaing'oa baraka ya nyumba, kinafunikwa hukohuko chini ya sakafu, ndivyo alivyojengewa mama, ndivyo alivyojengewa dada Echat kule Moroni... Echat, masikini, siku bwana harusi alipoletwa nyumbani kwa kaswida na marashi, akashika mwimo wa mlango ili avue viatu, mwimo ukamomonyoka mkononi kama mkate mkavu, watu wakacheka, kisha wakaacha kucheka, na mpaka leo Echat analalia kitanda kilichosimamishwa miguu ndani ya makopo ya mafuta ya taa... fundi Ambari alikuwa ameegemea koleo akisema jambo juu ya Tananarive, alikosoma Djaouharia, kwamba huko chuo kikuu pengine wasomi hufundishwa lugha ya mchwa, basi bibi harusi awaambie wahamie mji jirani wa Mirontsy, maana zege halingoji mtu akafikiri kwa Kifaransa, wasaidizi wakacheka, hata yeye akatabasamu, na mjomba akasema lakini dawa si imeshamwagwa, si ulipima mwenyewe, ndiyo, alipima, akapima tena, akakoroga mpaka mkono ukauma, akamwagia kila pembe ya msingi, lakini dawa huchakaa, mjomba, mvua zitapita juu yake na chini yake, itachoka, na siku itakapochoka mti utakuwa bado upo pale umezikwa, chakula na ngazi kwa pamoja, utawapandisha hadi kwenye miimo, hadi kwenye boriti, haya yote angeweza kuyasema vizuri, kwa mpangilio, ila alishindwa kuyasema mbele ya koko Sitti, bibi yake, aliyekuwa ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, amejitanda shiromani yake, anakitazama kile kigingi kama anayemtazama mtu, kwa kuwa babu alikufa kabla kuta hazijafika madirishani, na vigingi hivi ndiyo kazi yake ya mwisho, mikono ilikuwa inamtetemeka, alikataa kusaidiwa nyundo, sasa nani ataving'oa, mjukuu aliyemsomesha, atakuwa kama anayemvuta mkono kaburini... na hata hivyo babu huyohuyo, chuoni kwake, aya ikishahifadhiwa alikuwa akiosha ubao wa mwanafunzi, wino ukaenda na maji, na yeye, mdogo kuliko wote, akalia kwamba maneno ya Mungu yanamwagwa, babu akacheka mpaka akakohoa, "Ubao umemaliza kazi, Djaouha, maneno yamekwisha kuingia ndani yako," akauanika juani ukamngoja mtoto mwingine... umemaliza kazi... kuta si hizi hapa, zimesimama wima kama alivyozitaka, na ile amina haikuingia kwenye mti, iliingia vifuani mwa watu, mwa koko, mwa mjomba, mwake yeye, na nyumba ni yake, mume atakuja na nguo zake tu, ndiyo desturi ya visiwa hivi, kwa hiyo mjomba hakuuliza kwa adabu tu, aliuliza kwa sababu bila neno lake hakuna koleo litakaloinuliwa, mbona hakuliona hili, alidhani anaombwa ruhusa ya bure... huko chini bandarini winchi ilikuwa inalia, zege lilikuwa bado bichi, Ambari bado ameegemea koleo, mjomba bado anangoja, na woga ulikuwa bado upo, isipokuwa umesogea kidogo, kama mtu anayempisha mwenzake kichochoroni, akageuka, si kwa mjomba.

"Koko," alisema, "nakuomba uving'oe wewe, kwa mkono wako."