Nyota Iliyoshonwa Kinyume

Hii nikikusimulia utasema nimekaa tu nikaitunga. Haya, sema. Ila subiri imalizike kwanza, maana mimi mwenyewe nilivyoisikia nilirudia kuuliza mara tatu: kwa hiyo hadi leo hajui?

Dunmore Fork ni mji wa Iowa ambao ukipiga chafya uko kwenye gari, umeshaupita. Kanisa moja la Kilutheri, duka moja, mahindi pande zote. Na kwenye chumba cha chini cha lile kanisa, kila Alhamisi asubuhi, wanakutana wanawake wa kushona mablanketi ya viraka. Verna Lindquist na Opal Tvedt walikuwa wanakaa meza moja pale kwa miaka ishirini na mbili.

Sasa, Jumanne moja Verna yuko mezani kwake, kahawa mkono huu, simu mkono ule, anasukuma picha kwa kidole gumba. Habari ni ileile ya wiki nzima. Kuna jambazi kavamia benki nne kwenye majimbo matatu, Iowa, Nebraska na Missouri, na kesi wanayo FBI. Kwenye benki ya nne alimsukuma mlinzi mzee, akavunjika nyonga. Jambazi akakimbia, gari la wizi akaliacha kando ya shamba, na ndani ya gari akaacha blanketi alilokuwa anafunikia bunduki. FBI wakalipiga picha lile blanketi wakalirusha mtandaoni. Watu wakampachika jina, Jambazi wa Viraka, na jina likashika. Chini ya picha wameandika: Unalitambua? Umewahi kuliona kitandani kwa mtu? Piga namba hii. Si lazima utaje jina lako.

Verna akaivuta picha kwa vidole viwili. Viraka vya buluu na kijani, ukingo wa njano. Akashuka mpaka kona ya chini kushoto, na pale akaiona nyota. Ncha nane. Saba zinatazama zinavyotakiwa, moja imegeuzwa.

Kahawa ikampalia.

Wale wanawake wana desturi yao. Kila blanketi unaliachia kosa moja la makusudi, kwa sababu aliyekamilika ni Mungu peke yake. Rozella Haugen anapindua ua. Verna anaweka kiraka kimoja cha rangi isiyoendana na nyingine. Opal, ni nyota, ncha moja, kona ya chini kushoto. Mwanamke yeyote wa kikundi kile ungemwonyesha ile picha angekutajia Opal kabla hujamaliza kuuliza.

Na kuna kitu kingine cha kujua. Kwenye maonyesho ya wilaya Opal alishachukua utepe wa buluu, wa mshindi wa kwanza, mara tisa. Verna alishakuwa wa pili mara saba. Kila mwaka Opal anamkumbatia mbele za watu, anamwambia, "Lako ndilo zuri, mwenzangu, hawa majaji hawaoni." Verna anacheka meno yote nje, huku wivu unamla.

Akapiga namba.

"Nyota hii ni ya Opal Tvedt," alimwambia mwanaume aliyepokea. "Nina hakika kama ninavyolijua jina langu."

"Anaishi na nani, mama?"

"Na kaka yake, Leland. Anatengeneza mashine za kukatia nyasi. Aliwahi kufungwa, zamani, mambo ya magari."

"Kuna kingine chochote unachokijua?"

Hapo ndipo alipopaswa kukata simu. Hakujua kingine. Lakini sauti ya yule mwanaume ilikuwa inasubiri, tena inasubiri kwa heshima, na Verna hakuwa amesubiriwa na mtu namna ile siku nyingi.

"Ile wiki ya benki ya mwisho," akasema, "Leland hakuonekana hapa mjini."

Hakuwa amemtafuta. Hakuwa hata amepita mtaa wao.

"Asante sana, mama. Utapenda kuacha jina?"

"Hapana."

Kesho yake saa tatu asubuhi magari mawili meusi yakasimama kwa Opal, na kibali cha mahakama mkononi. Wakapekua mpaka mchana. Wakatoa mashine za nyasi za Leland moja moja, wakatoa na masanduku ya vitambaa ya Opal. Mtaa mzima ulikuwa nje, simu juu. Opal amekaa kwenye ngazi za mlango wake na aproni, mikono mapajani, kama mtu anayesubiri basi. Leland akaondoka nao kwenda kuhojiwa. Verna aliyaona hayo yote kwenye video ya jirani, akairudia mara nne, na mara ya nne akazima sauti.

Leland alirudi siku ya pili. Ile wiki alikuwa amelazwa Des Moines, kibofu cha nyongo, karatasi za hospitali anazo. Lakini nani anasambaza video ya mtu anarudi nyumbani? Jumapili benchi la Opal kanisani lilikuwa la Opal na Leland tu. Alhamisi Opal akaja kushona na bakuli lake la viazi vya jibini, lile ambalo siku zote likifika watu wanapigana vikumbo. Likakaa mezani limejaa mpaka jibini likaganda juu.

"Nimekula nikashiba nyumbani," Rozella akasema, na wote walikuwa wamemwona anameza keki ya tatu.

"Kula tu, Rozella," Opal akamjibu taratibu. "Bunduki nimeiacha kwenye gari."

Verna alichota viazi, vijiko viwili vikubwa, akavila vyote hivyohivyo vya baridi.

Walipokuwa jikoni wanaosha vyombo, wawili tu, Opal akafungua bomba maji yatoe kelele. Akasema bila kugeuka:

"Verna. Lile blanketi ni langu kweli."

"Hata mimi... niliona nyota."

"Kila mtu aliona nyota. Ni mmoja wetu ndiye aliyepiga simu, najua. Nimewaambia wale wapelelezi sitaki kulijua jina lake. Nikilijua nitakaaje naye hapa?" Akasuuza sahani. "Sikia lakini. Wameniuliza mablanketi ya nyota nimempa nani na nani. Nina daftari langu, nimewatajia thelathini. Moja sikulitaja. Nimesema nimesahau."

"Kwa nini?"

"Ukingo wa njano nimeshona mara moja tu maishani, shosti. Huna kumbukumbu?"

Verna hakuwa na kumbukumbu. Akaangalia mikono ya Opal ndani ya povu.

"Harusi ya Garrett," Opal akasema.

Garrett ni mtoto wa Verna. Wa pekee. Na hapo ndipo lile blanketi lilipomrudia, si rangi zake, hapana, karatasi yake. Lilikuja limefungwa kwenye karatasi laini nyeupe, miaka sita nyuma. Maharusi walikuwa wanahamia kachumba kadogo, wakamwomba awatunzie. Verna alikunjua kipande kama kiganja, akaona ushonaji ulivyotulia, wivu ukamkaba, akalikunja akalitupa rafu ya juu kabisa kabatini. Hakuwahi kulitandika. Hakuwahi kulitazama lote, hata siku moja. Ndoa ya Garrett ilipovunjika, akamwekea kwenye boksi pamoja na sufuria za zamani, akaona ametua mzigo.

Angelikunjua siku ile, angeijua njano ile Jumanne alipokuwa anakunywa kahawa.

"Labda aliligawa," Opal akasema. "Labda aliibiwa. Mimi sijui, na siwezi kumtaja mtoto wako, nimembeba mgongoni yule. Lakini walinionya, Verna. Ukimdanganya mpelelezi wa serikali kuu, huo uongo peke yake ni kifungo. Watakuja tena Jumatatu na daftari langu watalitaka. Nimechana ukurasa." Sasa akageuka, na macho yake hayakuwa na lawama hata chembe, na ndiyo maana Verna alishindwa kuyatazama. "Zungumza na Garrett kwanza. Basi. Ni hilo tu nakuomba."

Yaani mwanamke uliyemchongea ndiye anayekufichia mwanao, na anaweza kufungwa kwa ajili hiyo.

Verna alikwenda kukaa kwenye gari lake, kwenye maegesho ya kanisa, jua linawaka. Akampigia Garrett.

"Mama."

"Lile blanketi alilokupa Opal kwenye harusi. Liko wapi?"

Mtu ambaye hana la kuficha angeuliza, blanketi gani? Garrett hakuuliza.

"Umeongea na nani, mama?" akasema.

"Garrett."

"Nilikuwa na hali mbaya. Kazi hakuna. Sikutaka yule mzee aanguke, nakuapia. Mama, tulia tu. Wameshamshika yule wa mashine za nyasi, si ndiyo? Tulia, itapita."

"Wamemwachia."

"Basi usiseme kitu. Mama? Nina wewe tu."

Verna akakata. Akabaki na simu mkononi. Alipofungua orodha ya namba alizopiga, ile namba ilikuwa bado ipo, hatua chache chini ya Garrett, kati ya mtu wa meno na duka la nyuzi. Ilikuwa nyepesi sana siku ile. Aliipiga huku anapuliza kahawa.

Mara hii alikaa nayo saa nzima. Alimfikiria Garrett wa miaka minne akiwa na homa. Alimfikiria Opal kwenye zile ngazi, aproni, mikono mapajani. Akasubiri moyo umchagulie. Moyo haukuchagua kitu. Kidole ndicho kilichobonyeza.

"Nina taarifa ya lile blanketi," akasema. "Lilikuwa la mwanangu." Na kabla hajaulizwa: "Jina langu ni Verna Lindquist. Andika. Na andika kwamba Opal Tvedt alificha jina kwa ajili yangu, siyo kwa ajili yake. Mambo ya daftari ataeleza mwenyewe, msiwe wakali naye."

Garrett walimchukua Ijumaa, Omaha, bila risasi. Opal aliupeleka ule ukurasa Jumatatu mwenyewe, akasema kila kitu, na wakamwacha. Garrett amehukumiwa miaka kumi na moja. Barua za mama yake zinarudi hazijafunguliwa.

Na mji? Mji ulimgeuzia Verna mgongo kama ulivyomgeuzia Opal, kwa kuwa mama wa jambazi, na alistahili, ila kwa sababu nyingine, ile simu ya kwanza. Ila Opal hakumgeuzia. Opal anakuja kila Alhamisi baada ya kushona, na bakuli la viazi, anakaa naye. "Umemtoa mwanao kwa ajili yangu," anamwambia, na kumshika mkono. "Mimi nisingeweza. Mungu anajua nisingeweza." Watu wa kanisani anawaambia hivyohivyo, kwa sauti, mpaka Rozella naye akaanza kuleta keki.

Nani alipiga ile simu ya kwanza, Opal hajui. Alisema hataki kujua, na hajauliza tena.

Mara tatu Verna amefungua mdomo. Mara ya kwanza Leland aliingia kuuliza kama nyasi zake zimekatwa. Mara ya pili aliishia kumuuliza kama anataka kahawa. Mara ya tatu ilikuwa wiki iliyopita, na alikuwa ameshaanza kabisa, ameshasema, "Opal, ile Jumanne," Opal akamwekea mapajani kitu kilichofungwa kwenye karatasi laini nyeupe.

"Hili ulikunjue lote," akasema, anacheka.

Verna akalikunjua. Buluu na kijani, ukingo wa njano, na kona ya chini kushoto, nyota. Akaangalia ncha zake, moja moja, zote nane. Moja imegeuzwa, kama kawaida.

"Ulikuwa unasema?" Opal akauliza.

Haya. Wewe ungekuwa Verna, blanketi liko mapajani, na mwenzio anakusubiri useme. Ungemwambia?